Miaka Saba ya Bi Mize

Nyinyi mliobaki katika chumba cha chanjo mmeniomba niandike ninayoyakumbuka, mkanipa na daftari jipya lenye ua la waridi kwenye jalada, kana kwamba nakwenda kuandika mashairi ya harusi. Haya, naandika. Vyeo sitavitaja, kwa kuwa vilikuwa vichache na vilichelewa. Mshahara mnaujua wenyewe. Nitaanza na siku ya kwanza, nije kwenye kosa langu, kisha nifike kwa Bi Mize wa Chwaka, aliyetaka kuwa Kampala kabla binti yake hajajifungua, akanikuta mimi na sindano mkononi nakataa kumchoma.

Niliingia chumba kile nikitoka wodi ya wazazi. Kule nilizoea vilio vya kila aina, vya mama na vya watoto. Huku nikakuta kimya. Mnakijua chumba chenyewe: madirisha mawili ya mbao yanayotazama nyuma ya bandari, friji inayonguruma chini chini, meza, benchi refu, na harufu ya karafuu inayoingia kutoka ghala la jirani kila upepo ukigeuka. Mkuu wangu alikuwa Bwana Makame, afisa wa afya wa bandari, mtu wa Makunduchi, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Nilimwamkia, akaitikia, akavitazama viatu vyangu vyeupe kwa huruma.

"Unajua kuchoma sindano?" akaniuliza.

"Naam, Bwana Makame. Mwaka wa nne huu nnachoma."

"Taib. Basi leo huchomi."

Akanikalisha mbele ya friji na kipimajoto, niandike joto lake kila saa, kutwa nzima. Mbili mpaka nane, isizidi, isipungue. Nilidhani ananidharau, na nilinuna waziwazi ili aone. Adhuhuri akaja na vikombe viwili vya chai ya tangawizi. "Chanjo ikipata joto hufa kimya," akaniambia. "Haibadiliki rangi, hainuki. Samaki ana heshima zaidi, akioza anakwambia." Mpaka leo nikifungua friji yangu ya nyumbani macho yangu hutafuta kipimajoto kabla ya maziwa. Mume wangu anasema kazi imeniharibu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya wasafiri. Wakati wa hija walikuja mahujaji kwa chanjo ya uti wa mgongo, kila haji mmoja na jamaa sita wa kumshika mkono. Mwaka mzima uliobaki ilikuwa homa ya manjano. Nchi nyingi za bara letu hazikupokei bila kadi ya njano, na sisi Unguja hatumpokei anayetoka huko bila ya kadi hiyo hiyo. Chupa moja hutoa sindano kumi, na ikishachanganywa na maji yake ina saa sita tu za kuishi. Kwa hiyo tulikuwa na siku za kufungua chupa, Jumatatu na Alhamisi, na watu walizijua siku zile kama wanavyozijua siku za gulio.

Baada ya sindano msafiri hukaa nusu saa kwenye benchi, tuone kama mwili umeikubali. Nusu saa ile niliipenda kuliko kazi yote. Mwangaza uliingia kwa mistari kupitia mbao za madirisha, ukalala juu ya makanzu na mabuibui, na majina ya miji yakapita hewani polepole: Bukavu, Lubumbashi, Bujumbura, Kampala. Mmoja anakwenda kumwona kaka yake ambaye hawajaonana tangu ujana. Mwingine anakwenda kuozesha mjukuu na jina la bibi harusi limemtoka. Mimi sijavuka mpaka wowote maishani mwangu. Mbali nilikofika ni Morogoro, na kule niliumwa na tumbo. Lakini kwenye benchi lile nimekwenda kote. Niliuona ukungu wa Bukavu ukishuka mabondeni, nikausikia udongo mwekundu wa Kampala chini ya kandambili zangu. Mara nyingine nilisahau kabisa kutazama saa, watu wakakaa dakika arubaini na tano, na hakuna aliyelalamika. Sidhani kama wao walikuwa wanaitazama.

Shida ya kazi ile haikuwa sindano. Ilikuwa umri.

Ndani ya chanjo ya homa ya manjano mna kirusi hai kilichopunguzwa nguvu. Mwili wa kijana hukipokea, hukijua, hukishinda, basi. Mwili wa mtu aliyepita miaka sitini, akichanjwa kwa mara ya kwanza, mara chache sana hushindwa. Mara chache sana, nasisitiza, msije mkawatisha watu. Lakini ikitokea huwa ni maradhi makubwa, na ndiyo maana tunamtazama mzee mara mbili, tunamuuliza maradhi yake na dawa zake, na ikiwa hatari inazidi faida daktari humwandikia barua ya msamaha aionyeshe mpakani badala ya kadi. Haya yote yanakutaka ujue mtu ana miaka mingapi. Sasa muulize mzee wa shamba amezaliwa lini.

Pasipoti hujibu, naam. Pasipoti hujibu kila kitu. Wazee wetu wengi wamezaliwa tarehe mosi Januari, kwa mujibu wa pasipoti, hata ungedhani siku ile wakunga wa Unguja hawakupata nafasi ya kukaa kitako. Bwana Makame hakuziamini. Yeye aliuliza mwaka kwa hesabu ya kwao. Wazee walihesabu kwa Siku ya Mwaka, ile ya mwaka mpya wa jadi inayoogwa Makunduchi, na kila mwaka hupewa jina la siku uliyoingilia. Ukiingia Jumatatu ni mwaka Jumatatu, wa pili yake mwaka Jumanne, mpaka saba zishe na duara lianze tena. Mzee asiyeijua tarehe yake atakwambia bila kufikiri, "Mie wa mwaka Alhamisi." Mama yake alimwambia, na mama hasemi uongo katika hilo.

Niliipenda hesabu ile. Niliifanya kwa vidole chini ya meza, nikajiona nimekuwa mtu wa elimu.

Siku moja akaja mzee muuza viungo wa Darajani, anakwenda Bukavu kwa nduguye mgonjwa. Pasipoti ilisema miaka hamsini na saba. Nikamuuliza mwaka, akasema mwaka Jumamosi. Nikahesabu kwa vidole, ikanipeleka hamsini na saba barabara. Nikafurahi, karatasi na mzee wamekubaliana. Nikamchoma. Akakaa nusu saa yake, akanisimulia iliki, akaenda zake. Siku ya sita akalazwa. Macho yalikuwa ya manjano, figo zimegoma, na mimi nilisimama mlangoni mwa wodi siwezi kuingia. Hakufa, Alhamdulillahi. Lakini alitoka na fimbo, na Bukavu hakwenda, na nduguye alizikwa yeye hayupo.

Bwana Makame hakunifokea, na ningependa angenifokea. Alivua miwani, akaifunga uzi upya, akaniuliza: "Ulizunguka mara ngapi?"

Sikumfahamu.

"Mwaka Jumamosi huja kila baada ya miaka saba. Hamsini na saba ni Jumamosi. Sitini na nne ni Jumamosi. Sabini na moja ni Jumamosi. Mzee yule ana sabini na moja, Zuhura. Nimewauliza jirani zake."

Basi ndilo kosa langu. Nadhani hakuna muuguzi mahali pengine popote duniani aliyewahi kulifanya. Wengine hukosea dawa, hukosea mkono. Mimi nilikosea duara. Karatasi ilidanganya, mzee akasema kweli, na kweli yake ikakaa vizuri kabisa juu ya uongo wa karatasi. Niliona haya mwaka mzima. Nilikuwa nikipita Darajani nachungulia kwanza duka lake kama limefunguliwa, na kama limefunguliwa nilipita njia nyingine. Mwishowe aliniona, akaniita, akanipa iliki kwenye kipande cha gazeti. Nikalia pale pale mbele ya wateja wake.

Tangu hapo, mwaka haukunitosha. Niliuliza na la pili: nani alikutangulia, nani alikufuata, ulimbeba nani mgongoni. Mtu wa shamba hajui tarehe lakini anajua foleni ya watoto wa kijiji chake tangu mwanzo mpaka mwisho. Bwana Makame alistaafu, akarudi Makunduchi, akafariki miaka michache baadaye, Mungu amrehemu. Nikabaki na friji. Madaktari wakabadilika, kadi zikabadilika, ikaja kompyuta ambayo nayo inaamini tarehe mosi Januari. Miaka ilipita kwenye chumba kile kama usingizi wa mchana. Nikiinua kichwa nina mvi.

Zikabaki siku nane nistaafu, akaingia Bi Mize.

Ilikuwa Alhamisi, chupa ishafunguliwa, watu sita wapo kwenye benchi. Aliingia mwanamke wa kimo cha wastani, buibui safi, mkoba wa ukili kwapani, mkononi hina ya zamani imebaki kwenye kucha tu.

"Shikamoo, nesi," akaniambia.

"Marahaba. Karibu, Bi..."

"Mize. Natoka Chwaka. Nataka sindano ya manjano, nnakwenda Kampala kwa mwanangu."

Alijiandaa kuliko wasafiri wote niliowahi kuwapokea. Tiketi nshakata, aliniambia, ya siku ya kumi na mbili kutoka leo, kwa sababu alishaambiwa kadi haianzi kufanya kazi mpaka siku kumi zipite. Pasipoti ilisema hamsini na minane. Binti yake, Raya, mtoto wake wa pekee, ameolewa Kampala na ana mimba ya miezi minane. Mbili za mwanzo zilitoka. Wa tatu alizaliwa, akaishi siku tatu.

"Sasa halali," Bi Mize akasema. "Anaogopa hata kugeuka kitandani. Kila siku ananipigia, mama njoo, mama njoo. Hana mwengine wa kumshika mkono, wala wa kumkanda akishazaa. N'sipofika miye nani atafika?"

Hili sina haja ya kuwaeleza nyinyi. Kwetu mzazi haachwi peke yake. Mama huja kabla ya uchungu na haondoki mpaka arubaini itimie. Nilivuta dawa kwenye sindano huku namsikiliza. Nikamuuliza kwa mazoea, "Mwaka gani, Bi Mize?"

"Mwaka Jumatatu."

Nikahesabu. Hamsini na minane, Jumatatu. Nikazunguka tena. Sitini na tano, Jumatatu.

"Na ulinyonya peke yako?"

Akacheka. "Miye? Mamangu aliumwa kwa kunizaa, hakuwa na maziwa. Alinnyonyesha mama yake Mcha. Mie na Mcha tumenyonya ziwa moja, kanitangulia siku tisa tu, na mpaka leo anajifanya kaka mkubwa."

"Mcha yupi huyo?"

"Mwalimu Mcha, si yule alokuwa mwalimu mkuu? Kastaafu mwaka wa tano huu, sasa hana kazi ila kugombana na mbuzi..."

Hapo sauti ikamkatika. Mwalimu hustaafu kwa miaka sitini, kama mimi. Sitini na mitano. Alijua nimeshajumlisha, nami nikajua kuwa amejua. Nikaiweka sindano kwenye sinia.

"Shikamoo, Bi Mize," nikamwambia.

Mtu mmoja kwenye benchi alikuwa akielezea baridi ya Lubumbashi.

"Marahaba," akasema, kwa sauti ndogo sana.

Nikamweleza kirusi, nikamweleza hatari, nikamweleza barua ya msamaha. Hakutaka. "Nichome hivyo hivyo," akasema. "Karatasi yangu inasema hamsini na minane. Wewe una kosa gani? Barua hurudishwa mpakani, nimesikia. Sindano ikishaingia hakuna wa kuitoa."

"Kosa hilo nshalifanya mara moja. Sirudii."

"Basi jaalia miye nimeikubali hatari yangu mwenyewe!"

"Ukiugua Kampala," nikamwambia, "nani atamkanda nani?"

Akakaa. Machozi yalimtoka bila ya uso kubadilika. Nilimhudumia aliyefuata, na aliyefuata tena, Bi Mize yupo pale pale. Benchi lilipokuwa tupu ndipo aliposema, anatazama mistari ya mwangaza sakafuni.

"Ile saba siihesabu, Bi Zuhura. Niliolewa Matemwe nina ishirini. Nkazaa watatu, nkazika watatu. Mwaka wa saba nkaachwa, nkarudi kwetu. Ilipokuja posa ya babake Raya, mama akanambia, anza upya, hesabu kutoka hapa. Nikaanza. Mtu wa pasipoti aliponiuliza, nlimwambia mwaka Jumatatu. Kanambia, Bi, ni ama huu wa nyuma ama huu wa mbele. Nkachukua wa mbele."

"Raya anajua?"

"Hajui. Mwenye mimba hatajiwi watoto waliotangulia. Na kila nikimwona hana mimba, nasema leo asifikiri mambo hayo. Mara ana mimba tena."

Nilitamani nimkumbatie, na sikufanya hivyo, maana nilikuwa na glavu. Mpaka leo sijui kwa nini sikuzivua.

Barua ilikuwa na kazi yake. Daktari wetu ni kijana makini na nampenda, lakini siku ile alinitazama kama nimemletea paka. "Bi Zuhura," akasema, "unataka mimi nisaini kwa ushahidi wa ziwa?" Nikamwambia ndiyo, na kwamba sharia nzima ya nani amuoe nani kisiwani hapa inasimama juu ya ushahidi huo huo, na hatujawahi kukosea sana. Akacheka lakini hakusaini. Kesho yake asubuhi Mwalimu Mcha mwenyewe, kaletwa na Bi Mize, akafika kutoka Chwaka, amevaa kofia ya sikukuu, na cheti chake cha kuzaliwa ndani ya mfuko wa nailoni. Kwa bahati yeye alizaliwa hospitali mjini. Akasimama mbele ya meza kama yuko darasani. "Daktari, mama yangu alitunyonyesha sote wawili. Mie upande wa kulia, huyu wa kushoto. Kama ana hamsini na minane, basi mamangu alikaa miaka saba bila ya kukaukwa na maziwa, anamsubiri yeye."

Daktari akamkagua Bi Mize, akamkuta na shinikizo la damu pia, akasaini, akagonga mhuri. Barua ilisema mwenye kuichukua ana takriban miaka sitini na mitano, kwamba pasipoti yake ina kosa la umri, na kwamba chanjo kwake ina hatari kuliko faida. "Ya kweli lakini ngumu," daktari akasema akiitazama barua yake mwenyewe. "Karatasi mbili zinazogombana ndani ya mkoba mmoja. Hii inaweza kumrudisha." Kurekebisha pasipoti kungechukua muda kuliko mimba. Chini ya namba ya ofisi niliandika namba yangu ya mkononi, jambo ambalo haliruhusiwi, na nyinyi msilifanye.

Nikastaafu. Mkanipa keki na saa ya ukutani, nami nikakabidhi ufunguo wa friji. Siku ya nne asubuhi nilikuwa nimekaa uani nachambua mchele, nusu niko hapa kwetu Shangani nusu sijui niko wapi. Niliwazia ndege ya Bi Mize itakuwa imeshatua. Simu ikalia. Namba ya nje.

"Wewe ndiye Zuhura, muuguzi?" Alikuwa afisa wa afya wa uwanja wa ndege. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, bila salamu, lakini sauti haikuwa mbaya. "Niko na mama hapa. Pasipoti inasema hamsini na minane. Barua yenu inasema sitini na tano. Nimemwita binti yake aliyekuja kumpokea, na binti anasema hamsini na minane. Wawili kwa mmoja. Nani anadanganya?"

"Pasipoti imekosea, bwana afisa. Na binti hajui."

"Binti hajui umri wa mama yake?"

"Hapa kwetu hutokea."

"Mama, mimi nina chanjo hapa hapa. Kama ana hamsini na minane nitamchoma sasa hivi, aende. Kama ana sitini na tano nitaheshimu barua. Lakini nataka sababu, sitaki hadithi."

Mchele uliniteleza mapajani. Ningeweza kumweleza yule bwana Siku ya Mwaka, na duara, na ziwa la kulia na la kushoto. Ningeweza kumwambia na ile miaka saba, kwa sentensi mbili, ikaisha. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini nilimsikia Raya nyuma ya simu, sauti ya mtu aliyechoka, anasema, "Mama, waambie tu umri wako, mbona hivi?" Nikajua hayakuwa yangu kusema. Niliogopa, nawaambia kweli. Niliogopa kuwa atasema hamsini na minane, maana akisema hivyo atachomwa pale pale na mbele ya mwanawe hatakuwa na la kueleza.

"Muulize mwenyewe," nikamwambia. "Atakwambia."

Simu ilikuwa wazi. Nilisikia vishindo vya watu, mtoto wa mtu akilia mbali, magurudumu ya masanduku. Halafu nikamsikia Bi Mize.

"Raya."

"Naam, mama."

"Nna sitini na tano. Kuna miaka saba sijakwambia, mwanangu. Tufike kwako, ntakwambia yote."

Kisha nikasikia mhuri ukigongwa. Mlio ule naujua hata usingizini. Afisa akasema, "Pole, mama. Karibu Kampala," na simu ikakatika, nami nikaanza kuokota mchele punje kwa punje.

Zikapita siku kumi na moja. Nilijizuia kupiga, mtu aliyestaafu hana mamlaka ya kuuliza. Akapiga Bi Mize mwenyewe, baada ya adhuhuri, na kabla sijamwamkia akanambia ni mtoto wa kike, mzima, analia mpaka majirani wamekuja kumtazama. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, mume wangu akatoka ndani kuuliza nani kafariki. Bi Mize akacheka. Kisha akashusha sauti, nadhani mzazi alikuwa karibu.

"Nlimwambia siku ile ile, Bi Zuhura. Nshasali alasiri, hata begi sijafungua. Nlidhani n'tamtia khofu zaidi. Nkamwambia walikuwa watatu. Akaniuliza majina yao. Miaka mingapi sijayataja majina yale? Nkayataja moja moja. Nkamwambia na wewe ulipokuwa tumboni nliogopa hivi hivi, sikulala, na wewe huyu hapa. Kalia. Kisha kaniwekea kichwa mapajani, kalala. Mumewe anasema wiki tatu hajamwona akilala. Kalala mpaka magharibi inaadhiniwa, na mie miguu ishakufa ganzi, siiondoi."